Mwanya kati ya fremu ya mlango na marumaru za bafuni: groti, silikoni, povu au ubao?

"Fundi, pale mlangoni pameachia tena."

Mama mwenye nyumba alinionyesha kwa kidole, nami nikachutama kwenye mwimo wa kushoto, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, wa mlango wa bafu lake, huko Kigamboni. Pale marumaru za ukutani zinapokutana na mbao palikuwa pamejazwa saruji nyeupe, na kwa mtu aliyesimama palionekana pasafi kabisa. Nikachukua risiti ya dukani mfukoni, nikaichomeka kona yake kwenye mstari ule. Ikazama. Juu ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini kadiri ulivyoshuka ulizidi kufunguka, na karibu na sakafu kijiti cha kiberiti kiliingia chenyewe. Nikabonyeza mbao kwa ncha ya bisibisi, kama upana wa kiganja kutoka chini. Ikabonyea kama mkate uliolowa chai. Fremu yenyewe ni ya mninga, mti ambao hauozi hovyo. Kuufikisha hapo ni lazima maji yawe yameingia kila siku kwa muda mrefu na kukosa pa kutokea.

Aliyefanya kazi ile hakuwa fundi mbaya. Saruji ilisawazishwa kwa mkono uliotulia, kona zimenyooka, marumaru hazina doa. Alikosea kitu kimoja tu: aliweka kitu kigumu mahali panapocheza. Kosa hilo nimeliona kwenye nyumba za gharama na za kawaida, na kwa kuwa kila mwenye nyumba hufika siku akaulizwa na fundi "hapa tuzibe na nini?", nimeona nilinganishe vifaa vyote tunavyotumia, ili ukiulizwa uwe na jibu.

Kwanza, kwa nini panapasuka

Mbao haitulii hata baada ya kupigiliwa na kupakwa vanishi. Masika yakiingia na hewa ya pwani ikilowa, inakunywa unyevu na kutuna. Kiangazi kikikolea, inakauka na kunywea. Kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kuhesabu, ila kwa upana na unene inabadilika. Mwimo wa inchi 2 kwa 6 unaweza kuongezeka na kupungua kati ya nusu milimita na milimita moja upande wa unene, na zaidi ya hapo kama mbao ilipachikwa ikiwa mbichi. Mninga na mkongo husifika kwa kutulia. Msonobari wa kutoka Sao Hill, na hasa mkaratusi, hucheza zaidi. Fremu iliyorandwa Dar es Salaam ikapelekwa Dodoma kwenye hewa kavu itanywea hata kama ilionekana imekauka vizuri siku ya kununuliwa.

Ukuta wa tofali wenye marumaru juu yake hauna habari na mabadiliko hayo. Umesimama palepale mwaka mzima. Basi mstari ule wa kukutana ndio unaobeba tofauti yote, na juu ya hapo mlango unabamizwa na upepo, watoto wanaubinya, bawaba zinavuta upande mmoja. Ukijaza saruji pale, itashikana vizuri na ukuta, itashikana kidogo na mbao, na msimu wa kwanza wa ukavu ukifika itaachia upande wa mbao. Isitoshe, saruji mbichi yenyewe ina maji. Mbao isiyopakwa chochote inayanywa, inatuna kidogo, saruji inagandia kwenye umbo hilo la kutuna, kisha mbao ikikauka inajitenga. Ndiyo maana mara nyingine ufa unaonekana mwezi wa kwanza tu, kabla hata hamjahamia.

Ufa mwembamba namna hiyo hudharauliwa, nao ndio mbaya kuliko wote. Ufa mpana maji yanaingia na hewa pia inaingia, unakauka. Ufa wa unywele unafyonza maji kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa, na yakishaingia hayaoni jua wala upepo.

Pima kabla ya kuchagua

Kabla hujaenda dukani, pima upana wa mwanya sehemu tatu: juu, katikati, chini. Fremu nyingi zinapachikwa kabla ya lipu, na ukuta hauendi sawa na pimamaji hadi mwisho, hivyo utakuta milimita 4 juu na 15 chini. Chagua kifaa kwa kuangalia pale palipo papana zaidi.

Kisha tazama kipi kimetokeza. Kama fremu imetokeza mbele ya marumaru, una kona ya ndani, na kazi ni rahisi. Kama marumaru zimetokeza mbele ya fremu, hapo kuna shughuli, na kwetu ndiyo hali ya kawaida: fremu ya inchi 6 ilipachikwa sawa na lipu, halafu fundi wa tailizi akaja na gundi yake na marumaru ya milimita 8, ukuta ukapanda sentimita moja na nusu, na sasa ukingo uliokatwa wa marumaru unaonekana wazi, mkali na wenye mapengo ya msumeno.

Tatu, maji yanafika wapi. Bafu la kuogea kwa ndoo na kopo hurusha maji chini, magotini na kushuka. Bafu la shawa iliyo karibu na mlango hulowesha mwimo mzima. Choo chenye sinki tu hakina shida kubwa, isipokuwa siku ya kudeki.

Groti na saruji nyeupe dhidi ya silikoni

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapotakiwa kuamua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Groti, ule unga wa kukorogwa na kujazia mistari kati ya marumaru, na saruji nyeupe zina sifa zake. Ni rahisi, saruji nyeupe unauziwa hata kilo moja, kila fundi wa tailizi anazo kwenye ndoo, na zinafanana na mistari mingine ya ukutani. Hazihitaji bunduki ya kusukumia kama silikoni, wala mkono wa ustadi. Kati ya marumaru na marumaru sina ugomvi nazo. Ugomvi unaanza zinapoguswa na mbao, kwa sababu hazinyooki hata kidogo. Fundi akikwambia ataweka groti ya epoksi iwe imara zaidi, mwelewe kwamba ugumu ndio tatizo lenyewe. Epoksi haipitishi maji na haishiki uchafu, lakini pembeni ya mbao nayo itaachia, au itang'oa kipande cha mbao.

Silikoni inanyooka. Silikoni nzuri ya kuzibia viungo huandikwa 25 kwenye kopo lake, maana yake inavumilia kunyooshwa au kubanwa kwa robo ya upana wake. Hapo pana hesabu ambayo inabadilisha mawazo ya wengi. Mwanya wa milimita 2 uliojazwa silikoni unavumilia mchezo wa nusu milimita tu. Mwanya wa milimita 5 unavumilia milimita moja na robo. Mwimo wetu unacheza hadi milimita moja. Kwa hiyo fundi anayejivunia kubana marumaru mpaka zikaigusa fremu amekutengenezea ufa. Mwambie aache milimita 5 mfululizo kuzunguka fremu, na kama kazi imeshafanyika na mwanya ni mwembamba kama wembe, ni afadhali kuukwangua upanuke kuliko kupaka silikoni juujuu. Silikoni ya kupakwa juu bila kuingia ndani inabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Kasoro zake nazo zipo, na ni haki kuzitaja. Rangi haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo vanishi na rangi zote ziishe kwanza. Haishiki kwenye unyevu, vumbi, wala juu ya silikoni ya zamani. Huota kuvu nyeusi bafuni kusipopita hewa, hivyo nunua ile iliyoandikwa ya bafuni, yenye dawa ya kuvu. Mkono usiozoea huifanya iwe na mawimbi. Na baada ya miaka kadhaa itabidi ikatwe na kuwekwa upya. Hata hivyo, kukata silikoni kwa wembe na kuweka mpya ni kazi ya asubuhi moja. Kubadilisha mwimo uliooza katikati ya ukuta wenye marumaru ni kazi ya siku kadhaa, na marumaru za toleo lile mara nyingi hazipatikani tena madukani.

Usiogope bei. Kopo la kawaida lina kama mililita 300. Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 una mzunguko wa mita 5.1 kwa miimo miwili na juu. Mstari wa milimita 6 kwa 6 unakula mililita 36 kwa kila mita, kwa hiyo kopo moja linakwenda mita 8 na zaidi. Upande mmoja wa mlango unamalizika na inabaki.

Yenye harufu ya siki au isiyo na harufu?

Dukani ukiomba silikoni tu, mara nyingi utapewa ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati inaganda, nayo ina maana. Kwenye marumaru zenye uso wa kung'aa na kioo inashika vizuri sana. Lakini kwenye saruji na lipu asidi inapambana na chokaa iliyomo, na mshiko unakuwa dhaifu. Kwenye chuma inaleta kutu, na kwenye alumini inaacha madoa. Ile isiyonuka siki, ambayo kwenye kopo huandikwa nyutro, inashika mbao, saruji, chuma na alumini bila kudhuru. Bei yake imezidi kidogo na inachelewa zaidi kuganda.

Kwa mwanya wa fremu mimi nachagua nyutro kila ninapoipata, kwa sababu ukingo wa marumaru uliokatwa hauna tena ule uso wa kung'aa, na nyuma yake kuna gundi ya saruji. Ikikosekana na fremu yako ni ya mbao iliyopakwa vanishi vizuri, ile ya siki itafanya kazi ukihakikisha imegusa uso wa marumaru na si saruji. Kwa fremu ya chuma usikubali kabisa.

Kuhusu rangi ya silikoni: ile isiyo na rangi inapendwa, lakini inaonyesha kila kilicho nyuma yake, mabaki ya lipu, vumbi, hata sisimizi aliyenaswa. Mimi huweka ya kahawia penye mbao nyeusi na nyeupe penye fremu iliyopakwa rangi nyeupe.

Vipi akriliki?

Akriliki inafanana na silikoni machoni, inatoka kwenye kopo la umbo lilelile, na ni rahisi zaidi. Inasafishwa kwa maji na inapakwa rangi. Nyingi zinanyooka kidogo kuliko silikoni, zinanywea zikikauka, na zikilowa kila siku zinalainika. Upande wa bafuni isiende. Upande wa pili wa mlango, ule wa korido au chumbani ambako fremu inakutana na lipu na rangi, hapo ndipo mahali pake, na hapo inaishinda silikoni kwa sababu utaipaka rangi ipotee ukutani. Mlango mmoja unaweza kuhitaji makopo mawili tofauti, kila moja na upande wake.

Mwanya mkubwa: povu au lipu?

Ukizidi milimita 10, silikoni peke yake haifai. Inakula makopo, inachelewa kuganda katikati, inaning'inia. Pia haipendi kushikwa pande tatu. Ikishika mbao, marumaru na pia kitako cha nyuma, inashindwa kunyooka na inachanika katikati. Inatakiwa kushika pande mbili tu. Kati ya milimita 8 na 15 hivi, jaza nyuma kwa kamba ya povu halafu silikoni juu, kina chake kama nusu ya upana. Kamba hiyo isipopatikana, chukua lile povu jeupe laini linalofungia televisheni na vyombo vipya, likate utepe, lisokote, lichomeke kwa kijiti hadi lizame milimita 6. Silikoni haishiki juu yake, na ndicho tunachotaka.

Kuanzia milimita 15 kwenda juu kuna njia mbili, na hapa kila upande una watetezi.

Povu la kopo linajaza kila tundu, hata usikofikia kwa mwiko, linashika mbao na tofali, na linacheza kidogo pamoja na fremu. Shida yake ni nguvu ya kutuna. Nimeona mwimo uliopinda kwa sababu fundi alijaza povu mpaka juu kwa mkupuo mmoja, na mlango ukagoma kufunga. Ukilitumia, weka vipande vya mbao vya kukaza kati ya mwimo na mwimo, kwenye usawa wa magoti, kiuno na mabega, jaza nusu tu ya nafasi, liache litune lenyewe. Likikauka, likate kwa kisu kuingia ndani kidogo. Povu lililokatwa halina ngozi tena, linafyonza maji, na jua likilipiga linakuwa unga. Kwa hiyo ni kitu cha nyuma, na haliwezi kuachwa wazi bafuni hata kwa wiki.

Lipu ya saruji na mchanga ni nzito, haipindi mwimo, haifyonzi kama povu lililokatwa, na mchwa hawaitafuni. Hilo la mchwa lina uzito kwetu, kwa kuwa nafasi tupu nyuma ya fremu ndiyo barabara yao kutoka ardhini hadi darini. Lakini paka kwanza ubavu wa fremu rangi ya mafuta au dawa ya mbao, ikauke, ulowanishe tofali, ndipo ujaze. Na muhimu kuliko yote, lipu isifike usawa wa marumaru. Ikomee ndani kidogo, na sehemu ya mwisho ya milimita 5 hadi 6 pembeni ya mbao iachiwe silikoni.

Uamuzi wangu: chini, kuanzia sakafuni hadi magotini, lipu. Juu ya hapo povu ni sawa, hasa kama fremu ilipachikwa baada ya ukuta kukamilika na haina vyuma vya kutosha vya kuishika.

Kufunika badala ya kujaza

Wateja wengi hupenda ubao wa urembo, ule mwembamba wa inchi 2 hadi 3 unaopigiliwa kuzunguka fremu. Unaficha kila dhambi na mlango unapata heshima. Vyumbani nauunga mkono bila masharti. Bafuni una masharti. Usiwe wa mbao za unga zilizoshindiliwa, maana zikilowa mara chache tu zinavimba kama chapati na hazirudi. Upigiliwe kwenye fremu na si kwenye marumaru, ili utembee pamoja na fremu. Ncha yake ya chini ipakwe vanishi mara tatu, kwa kuwa ncha iliyokatwa ndiyo mdomo wa mbao. Na usiguse sakafu. Zaidi ya hayo, kufunika mwanya si kuuziba. Silikoni lazima iwepo kwenye mstari wa ubao na marumaru, la sivyo maji yanaingia nyuma ya urembo na huoni kitu mpaka harufu ianze.

Pale marumaru zilipotokeza mbele ya fremu, ubao huo unakaa umepinda, ukingo mmoja hewani. Kuna anayeuchonga mgongo kwa randa ili ukae juu ya vyote viwili. Kazi nzuri, lakini inataka seremala mwenye subira. Ukanda wa plastiki wa umbo la L ni mbadala wa kweli. Hauozi, hauliwi, unagandishwa kwa silikoni hiyohiyo, na unakatwa kwa msumeno wa chuma. Sura yake haifikii mbao, nakubali. Kwenye bafu la wapangaji au la watoto ningeuchagua bila kusita.

Bora kuliko hivyo vyote ni ule ukingo wa alumini au plastiki unaowekwa chini ya marumaru wakati wa kuzijenga. Mguu wake unazama kwenye gundi, mdomo wake unafunika ukingo uliokatwa, na unene wake unalingana na wa marumaru, milimita 8, 10 au 12. Kazi inatoka imenyooka kama rula, na kati ya ukingo huo na fremu unabaki mstari mmoja wa silikoni. Tatizo ni kwamba lazima uamue kabla fundi hajaanza. Baada ya hapo hauingii. Kama nyumba yako iko kwenye lipu sasa hivi na unasoma hapa, hiki ndicho kitu cha kumwambia fundi wako kesho asubuhi.

Kuna pia kipande cha marumaru kilichokatwa chembamba kujazia nafasi ya sentimita 2 hadi 4. Kwenye picha kinaonekana sawa. Kwa mkono, vipande vyembamba hivyo hupasuka wakati wa kukatwa, na vikipona hugandishwa juu ya kitako kidogo mno. Nakubali kikiwa cha graniti na kimejengwa juu ya lipu imara, kikiacha milimita 5 pembeni ya fremu. Vinginevyo hapana.

Fremu isiyo ya mbao

Fremu ya alumini au plastiki haitunishwi na unyevu, kwa hiyo ni silikoni ya nyutro na basi. Fremu ya chuma ina jambo lake: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, na ikianza nyuma ya marumaru inazisukuma mpaka zipasuke kwenye mstari ulionyooka. Piga rangi ya kuzuia kutu ubavu mzima kabla ya kuipachika, pamoja na sehemu zitakazofichwa.

Mguu wa mwimo

Ukiwa na fedha na muda wa sehemu moja tu, uweke hapa. Mara nyingi fremu zetu zinasimama zikiwa zimezama kwenye zege la sakafu, na mbao iliyozama inanyonya maji kutoka chini hata kama pembeni umeziba vizuri. Kwenye nyumba mpya, mwambie seremala akate miguu iishie milimita 10 hadi 12 juu ya sakafu iliyokamilika, apake ncha zake, kisha pengo hilo lijazwe silikoni. Fremu ishikwe na ukuta, isitegemee sakafu. Au isimame juu ya kizingiti cha graniti kilichoinuka, ambacho kinazuia pia maji kutoka nje ya bafu.

Kwenye nyumba ya zamani ambayo haivunjiki, zunguka mguu kwa silikoni upande wa bafuni, ukiipandisha sentimita 15 kwenye kona zote. Upande wa korido usizibe chini. Acha mbao iwe na mahali pa kutolea unyevu wake.

Namna ya kuiweka

Kwangua groti yote iliyogusa mbao. Fagia, futa kwa kitambaa chenye spiriti, na bafu lisitumike siku nzima lipate kukauka. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, pande zote mbili, moja kwenye mbao na moja kwenye marumaru. Kata mdomo wa kopo mshazari, tundu liwe dogo kuliko unavyodhani. Anza juu, shuka bila kusimama, ukisukuma silikoni iingie ndani. Chovya kidole kwenye maji ya sabuni, pitisha mara moja kwa mkupuo mmoja, kisha bandua tepu hapohapo, kabla ngozi haijaanza kushika, na hiyo ni kama dakika 10 tu. Ukichelewa, tepu itaondoka na ukingo wa silikoni. Maji ya sabuni yasiguse mahali ambapo silikoni bado haijafika, maana hapo haitashika tena.

Mlango wa yule mama tuliufanya hivi. Sehemu iliyooza, sentimita 22, tuliikata kwa patasi mpaka kwenye mbao ngumu, tukaunga kipande cha mninga mkavu kwa gundi ya epoksi na skrubu mbili, kikaishia milimita 10 juu ya sakafu. Saruji nyeupe tuliikwangua mzunguko mzima na kuupanua mwanya ufike milimita 5. Chini palipokuwa na milimita 14 tukaweka povu lililosokotwa. Vanishi mara tatu, siku mbili za kusubiri, kisha silikoni ya nyutro ya kahawia. Upande wa korido, akriliki na rangi.

Aliniuliza, "Sasa fundi, jioni naweza kuoga?" Nikamwambia, "Hapana mama, leo oga kwenye bafu la uani." Silikoni inaganda kwa unyevu wa hewa, milimita 2 hadi 3 kwa siku, kutoka nje kwenda ndani. Ikiguswa jioni inaonekana imekauka, ilhali katikati bado ni uji. Tulikubaliana ni kesho kutwa asubuhi.